Wito wa Harambee: Kanisa Letu la Zamani Liwe Nyumba ya Sanaa, Tabora

Ndugu wanaparokia, mlio hapa na mlio mbali, pamoja na majirani zetu wa dini zote: Tumsifu Yesu Kristo, na Asalamu alaykum.

Tangu ibada zihamie kanisa jipya, lile la zamani la matofali ya kuchoma limebaki stoo ya viti vibovu na makao ya popo. Halmashauri ya Walei, baada ya kushauriana na wazee wa mtaa, imeazimia lisibomolewe, bali liwe nyumba ya sanaa ambamo kwaya, vijana wa maigizo, wachoraji na wafinyanzi watafanyia mazoezi na kuonesha kazi zao. Altare imekwisha kuondolewa, na Askofu ametoa kibali kwa kufuata kanuni ya 1222 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983, inayoruhusu kanisa lisilotumika tena kwa ibada kupewa matumizi mengine, mradi yasiwe ya aibu. Wapo waliouliza kama Wayeye nao wataingia na nyoka wao: ngoma yao ni urithi wa Unyamwezi na tunaikaribisha, lakini itachezwa nje, chini ya miembe.

Sehemu kubwa ya fedha itakwenda kwenye kuta. Matofali yale ni laini na yamejengewa chokaa, hivyo unyevu unaopanda kutoka ardhini hupata pa kutokea kwenye maungio. Upande wa kusini uliwahi kupigwa plasta ya saruji, kwa nia njema kabisa. Saruji ikaufungia unyevu ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake, na sasa matofali yenyewe yanamomonyoka. Plasta hiyo itabanduliwa kwa mkono na maungio yajazwe upya kwa chokaa, kazi ya polepole inayomtaka fundi mvumilivu. Kwa hiyo, tafadhali, msituletee saruji. Kenchi zilizoliwa na mchwa zitabadilishwa kwa mbao za mninga zilizovunwa kwa kibali. Umeme na madirisha vitasubiri.

Tunaomba fedha, chokaa, mbao, mabati na nguvu za mafundi, kwani paa lazima liwe limekamilika kabla ya mvua za Novemba. Ahadi na michango inapokelewa ofisi ya parokia kwa stakabadhi, na makadirio ya fundi yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mchangiaji ayakague. Mwenye picha ya zamani ya kanisa hili ailete pia, maana fundi anataka kuona paa la awali lilivyokuwa kabla hajakata ubao wa kwanza.