Mmesahau kutuambia ndani ya vile vidonge kuna nini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini hadi nimestaafu, na sijawahi kukuandikia. Mengi yaliniudhi nikayaacha yapite. Ila makala yenu ya ukurasa wa afya, ile ya kueleza mgonjwa ategemee nini akienda kutibiwa kwa homiopathia, ile tiba mbadala ya vidonge vidogo vyeupe, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu amekaa na mtaalamu, amepiga picha ya rafu iliyopangwa chupa, ameandika kila kitu isipokuwa kile ambacho mama mwenye mtoto mgonjwa anapaswa kukijua kabla hajatoa hela yake. Ndani ya kile kidonge kuna nini?

Sibishi kwamba mengi mliyoandika ni kweli. Mgonjwa atasikilizwa kwa muda mrefu, pengine saa nzima. Ataulizwa hulala upande gani, huota nini, hupenda chumvi au vitamu, akiudhiwa hulia au hununa. Atapewa kichupa cha vidonge vidogo vyeupe aweke chini ya ulimi. Ataambiwa aache kahawa na dawa ya meno yenye minti. Na ataambiwa kwamba hali ikizidi kuwa mbaya siku za mwanzo asiogope, hiyo ni dalili ya dawa kufanya kazi. Hilo la mwisho mliliandika kwa mstari mmoja mkaendelea na mengine.

Mimi siwezi kuendelea na mengine, kwa sababu mstari huo ulitaka kuniulia mjukuu. Mvua zilikuwa zimekolea, na mvua zikikolea huku kwetu kila mzazi anajua homa ya mtoto ianzwe kushukiwa wapi, kwani Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini. Binti yangu alishawishiwa na jirani akampeleka mtoto kwenye kliniki moja ya tiba mbadala. Yule bwana alimpokea vizuri, akamsikiliza, akamwita mama kwa heshima zote, akasema mwili wa mtoto unajisafisha. Hakumtoboa kidole. Hakumwambia apite zahanati akapimwe. Akampa vidonge. Usiku homa ikapanda, binti yangu akapiga simu, akajibiwa kwamba hiyo ni habari njema, dawa inausukuma ugonjwa nje, asimchanganyie na dawa za hospitali zitaharibu kazi. Asubuhi mtoto akakataa uji, viganja vimekuwa vyeupe. Niliitwa kutoka shambani, nikamkuta mama yake anaendelea kuhesabu vidonge vile kwenye kifuniko, maana ameambiwa aendelee. Nikiwa nimempakata degedege likamshika. Tulipanda bodaboda watatu na mtoto katikati, barabara ya utelezi, sijui hata tulifikaje. Hospitali walimpima, malaria, damu imekwisha. Akaongezewa damu, akachomwa sindano za artesunate, akarudi. Yuko hai anacheza uani ninapoandika. Lakini nataka msomaji aelewe kwamba muda wote ule mama yake alikuwa mtiifu. Alifuata maelekezo hatua kwa hatua, na ni maelekezo yaleyale mliyoyachapisha ninyi.

Muuguzi aliuliza mtoto amepewa nini, nikatoa kichupa. Kimeandikwa 30C. Hakujua maana yake, na simlaumu. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo niliitafuta maana mwenyewe. Chukua tone moja la dawa ya mwanzo, changanya na matone 99 ya maji au spiriti, tikisa. Hiyo ni 1C. Chukua tone moja la mchanganyiko huo, weka kwenye matone mengine 99, tikisa. Hiyo ni 2C. Rudia hivyo mpaka mara 30. Mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kukuonyesha kwamba dawa ya mwanzo imebaki sehemu moja katika namba yenye 1 na sifuri 60 nyuma yake. Na kemia inasema ukifika kama hatua ya 12 tu, huna tena tumaini la kukuta hata chembe moja ya kile ulichoanza nacho. Kilichobaki ni sukari ya kidonge. Mkulima wa Newala au Tandahimba akiuziwa dawa ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, iliyozimuliwa kiasi hicho, mikorosho ikaungua maua yote, muuzaji atalala polisi. Kwa mtoto tunaambiwa ndivyo dawa inavyopata nguvu, kila ikizimuliwa inaongezeka ukali!

Mtaalamu wenu alisema siri yake ni kwamba dawa ya moto ni moto. Msemo ni wetu na ni mzuri, lakini aliyeanzisha tiba hii ni daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, na chanzo chake kinatuhusu sisi kuliko wengine. Mwaka 1790 alikunywa unga wa gome la mti wa kwinini akiwa mzima, akajisikia kama mwenye homa ya malaria. Akahitimisha kwamba kinachomletea mzima dalili ndicho kitakachomponya mgonjwa mwenye dalili hizo. Sasa angalia. Gome lilelile, watu wengine walilichukua, mwaka 1820 wakatoa ndani yake kwinini yenyewe, ikapimwa, ikatolewa kwa kiasi kinachojulikana, ikaokoa watu dunia nzima, wakiwemo wazazi wetu wanaokumbuka ule uchungu. Dawa ilikuwemo gomeni. Iliponya kwa sababu ilikuwemo.

Nilitaka pia msomaji apewe haya, maana si siri. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba homiopathia isitumiwe kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuhara kwa watoto wachanga. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa tiba la Australia lilipitia tafiti zilizopo likasema hakuna ugonjwa hata mmoja wenye ushahidi wa kuaminika kwamba tiba hii inauponya. Uingereza mwaka 2017 uongozi wa huduma ya afya ukawataka madaktari waache kuiandika. Ufaransa, ambako ilipendwa sana, bima ya serikali iliacha kuilipia mwaka 2021. Mtaalamu wenu alitaja India tu, na ni kweli India serikali inaitambua. Hata hapa sheria yetu ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002 imeweka baraza la kusajili watoa huduma. Lakini cheti cha usajili ukutani kinaeleza nani amekaa pale. Hakielezi kama kidonge kinaua vijidudu vya malaria. Na msiichanganye na mitishamba ya wazee wetu, kama makala ilivyofanya. Mzizi uliochemshwa una kitu ndani, ndiyo maana mwingine unaponya na mwingine unaumiza figo.

Mtaniuliza mbona watu wanakwenda na wanarudi wakishukuru. Mafua yanaisha yenyewe, mgongo una siku zake, na mtu aliyesikilizwa saa nzima anatoka mwepesi. Hapo nina ugomvi na upande wa pili. Nenda zahanati zetu za vijijini. Muuguzi mmoja, foleni hadi chini ya mwembe, hajainua macho kumtazama mgonjwa ameshaandika, halafu dirishani unaambiwa dawa hakuna, kanunue dukani. Una kadi ya bima ya afya ya jamii, CHF, uliyoilipia, unaambiwa kanunue. Mwanamke aliyefokewa pale wiki iliyopita, leo akimkuta mtu anayemwita mama na kumuuliza analalaje usiku, atampa hela. Wanaopanga huduma za afya mkoani wakitaka kujua wateja wa vile vidonge wanatoka wapi, wakasimame kwenye madirisha hayo. Adabu haihitaji bajeti. Dawa inahitaji, na korosho zinazotoka bandari ya Mtwara si chache.

Ninachoomba ni hiki. Kila kliniki ya namna hii ibandike mlangoni, kwa maandishi yanayosomeka kutoka barabarani, jina la dawa, imezimuliwa mara ngapi, na maneno haya: homa kwa mtoto, nenda ukapimwe kwanza. Asiuziwe mtu kidonge cha homa bila karatasi ya kipimo cha malaria, na nakala ibaki kliniki ili mkaguzi aikute. Ninyi gazetini mrudishe makala kwenye ukurasa uleule, nafasi ileile, na badala ya picha ya rafu mpige picha ya lebo ya kichupa ikuzwe, ile 30C ielezwe kama nilivyoieleza. Mfanye hivyo kabla ya Oktoba, minada ya korosho haijaanza na hela hazijaingia kwenye akaunti za wakulima, maana ndio wakati magari ya wauza dawa yenye vipaza sauti huanza kupita vijijini.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara