Santuri za Marehemu Zisiuzwe

Leeds, Uingereza

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama na Shangazi na wote wa hapo Morogoro. Mimi sijambo, kazi ni zile zile za usiku na baridi imeanza, lakini hayo tuyaache.

Ujumbe wako kuhusu paa la nyumba kubwa nimeupata. Fedha za mabati na mbao nimekwisha kuzituma kwa dada, kwa hiyo fundi anaweza kuanza kazi wakati wowote. Lililoninyima usingizi ni habari kwamba amekuja mgeni kutoka Ulaya kutazama santuri za marehemu Baba, akataja bei, nawe ukakubali pasipo kumshauri Mama. Uniwie radhi, kwa maana mtoto hapaswi kumsemesha mzazi hivi, lakini jambo hili limeniuma sana.

Wewe ulikuwa mtu wa bendi ya Cuban Marimba na Baba alikuwa mtu wa bendi ya Morogoro Jazz, na mlinuniana kwa ajili hiyo hata ndani ya nyumba moja. Unajua kuliko mimi kilichotokea katika mji wetu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alizisikia santuri za Kikuba, akaupenda mdundo wake, akauimbia Kiswahili, na watu waliotoka kila upande wa nchi wakaucheza kama mali yao. Kisha akaja Mbaraka Mwinshehe na gita lake la solo, na mwaka 1970 Morogoro Jazz ikapelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya dunia. Wajapani walipotaka kutusikia, tuliosikika ni sisi wa Morogoro.

Najua utaniambia kwamba ule haukuwa muziki wa asili. Mwalimu mwenyewe, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alisikitika bungeni kwamba wengi wetu tulijifunza rumba na chachacha huku ngoma zetu kama gombe sugu na lele mama zikitupita. Alikuwa na haki ya kusikitika, maana mkoloni alitufundisha kuvionea haya vya kwetu. Hata hivyo gombe sugu ina wenyewe na lele mama ina wenyewe. Mgeni huitazama, akapiga makofi, akaenda zake. Dansi, yaani muziki huu wa bendi, haikuwa ya kabila lolote, na kwa sababu hiyo kila mmoja aliweza kuidai. Serikali nayo ililielewa hilo upesi: mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kikaanzisha NUTA Jazz, wapiga muziki wakalipwa mshahara kama waajiriwa wengine, na baadaye polisi, jeshi na hata kiwanda cha nguo cha Urafiki vikawa na bendi zao.

Nyimbo za kuisifu nchi zilikuwepo, na Radio Tanzania ilizipiga kila siku, wala sizidharau. Ila zilizotufanya tujuane ni zile za mume aliyesahau kurudi nyumbani, za mdeni, za yatima, za aliyekwenda mjini akabadilika. Mhaya aliyesikiliza redio Bukoba na Mmakonde aliyesikiliza Mtwara walilia kwa maneno yale yale jioni ile ile, na hakuna aliyeuliza mwimbaji ni kabila gani.

Nimeyaona haya kwa macho yangu huku. Kwenye sherehe ya Uhuru ya mwaka jana kazi ya muziki nilipewa mimi, nikapiga zile kanda alizoninakilia Baba kabla sijasafiri. Bibi mmoja wa Pemba na kijana wa Karagwe, ambao kabla ya hapo hawakuwahi kusalimiana, walisimama wakaitikia kiitikio pamoja mpaka mwisho. Baada ya hapo maktaba ya mji ikanialika nizungumzie muziki wetu mbele ya watu, na ukumbi ukajaa hadi wengine wakasimama. Nilitamani Baba awepo amsikie mwanawe akilitaja jina la Morogoro mbele ya wageni, nao wakiliandika. Nikirudi chumbani usiku ule niliitamani mvua inayoshuka kutoka Uluguru, na sauti zenu wawili mkibishana kuhusu tarumbeta.

Kanda ni nakala tu, Baba Mdogo. Santuri ndizo zenyewe. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuzitengeneza, nyingi zilitoka Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa na njia ile ikakatika. Zikiondoka hizo, wajukuu watakwenda kuomba ruhusa Ulaya ili wasikilize mji wao.

Kwa hiyo naomba umwambie mgeni huyo kwamba familia haijakubaliana. Kasha litolewe kwenye chumba kinachovuja liwekwe kwa Mama, na santuri zisimamishwe wima, zisilazwe, maana zikirundikana zinapinda. Nikija mwezi wa sita nitakuja na mtambo wa kuzinakili zote kwenye kompyuta, na kila mmoja apate nakala yake.

Jambo moja huenda hulijui. Ndani ya kasha, chini kabisa, kuna santuri ya Cuban Marimba ambayo karatasi yake ya katikati ina jina lako kwa mwandiko wa Baba, kwa wino wa bluu. Mama aliniambia aliinunua mwaka 1965, wiki za msiba wa Salum Abdallah, kwa sababu alikuona huli wala husemi, kisha aibu ya ushabiki ikamzuia kukupa. Hiyo ni yako. Kaichukue kwa Mama, na jibu lako kuhusu mnunuzi mpe dada anipigie.

Nisalimie Shangazi na watoto wote wa Kihonda.

Mimi mwanao.