Kabla ya Dawa ya Nguvu, Lete Mkono Tukupime Presha

Wanaume wengi wanaoingia famasi kwetu hawaji kupima kitu. Wanasubiri kaunta itulie, kisha mtu anainama kidogo: "Dokta, kuna ile dawa... unanielewa?" Tunamwelewa. (Sisi ni wafamasia, lakini Dar es Salaam kila mwenye koti jeupe ni dokta, tumeshazoea.) Siku hizi jibu letu ni lilelile kwa kijana wa bodaboda na kwa mzee wa kanzu: kaa kwanza hapo kwenye kiti, tukupime presha.

Wapo wanaokasirika, wanadhani tunawachelewesha au tunatafuta cha kuwauzia. Acha tueleze.

Uume husimama kwa nguvu ya damu. Mishipa inayopeleka damu huko ina upana wa milimita 1 hadi 2 hivi, wakati ile ya moyo ina 3 hadi 4. Presha ya muda mrefu, sukari na sigara huharibu mishipa ya mwili mzima, ila myembamba ndiyo huzidiwa mapema. Kwa hiyo mtu anaweza kupungukiwa nguvu leo, moyo ukaja kumsumbua miaka kadhaa baadaye. Si kila mara. Mawazo, pombe na baadhi ya dawa nazo huchangia. Lakini ukitumia vumbi la Kongo, ambalo hata anayekuuzia hajui ndani mna nini, ugonjwa unabaki palepale. Na vidonge navyo si pipi. Sildenafil, kidonge cha nguvu za kiume, ikikutana na dawa za moyo za kundi la naitreti, presha huporomoka ghafla na mtu anaweza kufa. Tukikuuliza unatumia dawa gani, hatuchunguzi ndoa yako.

Kuna watu husema wanaume ni wakaidi wa hospitali. Sisi hatukubali moja kwa moja. Mwanamke akiwa mjamzito, kliniki humpima presha, damu, mkojo na uzito. Mume akimsindikiza hudhurio la kwanza, mara nyingi hupimwa VVU, kisha anarudi kwenye benchi kusubiri. Baada ya hapo ni nani atamwita akiwa mzima? Vituo vingi hufanya kazi saa zilezile anazotafuta riziki, na presha yenyewe haiumi. Mtu mwenye 180 anaweza kushusha magunia Kariakoo kutwa nzima huku anapiga soga.

Kupima kwenyewe kuna adabu yake. Ukiwa umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, subiri nusu saa. Mkojo ukikubana, anza chooni. Kisha tulia dakika 5, egemea kiti, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee. Hata simu iache, maana maongezi tu hupandisha namba. Tunapima mara mbili. Ikisoma 140/90 au zaidi, hatukuiti mgonjwa kwa siku moja. Tunaandika kwenye kadi, unarudi siku nyingine, na ikiendelea hivyo tunakuelekeza kwa daktari. Ila 180/120 yenye maumivu ya kifua, macho kuona ukungu au upande mmoja wa mwili kulegea ni ya hospitali saa hiyohiyo.

Sukari njoo asubuhi, uwe hujala kwa saa 8 au zaidi, maji ruksa. Ikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, utahitaji kipimo cha maabara kuthibitisha.

Tezi dume hatupimi. Ukifika miaka 50, au 45 kama baba au ndugu yako wa damu aliugua saratani hiyo, zungumza na daktari. Mara nyingi huanza na kipimo cha damu kiitwacho PSA. Ule mzaha wa kupimwa kwa kidole njia ya haja kubwa umekimbiza wanaume wengi kuliko kidole chenyewe.

Presha kwetu hatutozi. Sukari unalipia kipimo. Tupo hadi saa 3 usiku, na kiti cha kupimia kipo nyuma ya pazia. Kama kuna dawa unazotumia, za hospitali au za mtaani, njoo nazo zikiwa kwenye paketi zake.