Mbu wa dengi wapimwe inavyotakiwa

Mhariri,

Homa ya dengi inapozuka, hutolewa wito wa kupima mbu kama wana kirusi chake. Ni wito mzuri, ila mbu aliyekusanywa ovyo hana la kuiambia maabara.

Kwanza mtego. Aedes aegypti, mbu aenezaye dengi, huuma mchana, hivyo mtego wa taa uliotegwa usiku huleta Culex (mbu wa usiku) tele na Aedes wa kuhesabu. Afadhali mtego wa feni wenye chambo cha harufu, uwekwe kivulini na mfuko wake utolewe kila siku.

Joto ndilo huharibu kazi zaidi. Kirusi cha dengi hubeba vinasaba vyake kwenye RNA, na RNA huoza upesi mbu akishakufa. Watambuliwe juu ya sahani iliyokaa kwenye barafu, kisha wahifadhiwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza inayokatikiwa umeme kila mara ni hasara tupu.

Mbu hupimwa kwa mafungu, kila fungu likisagwa na kupimwa pamoja. Fungu lisizidi mbu 50, wa spishi, jinsia, eneo na tarehe moja. Jike mwenye tumbo jekundu atengwe: damu aliyonywa huenda ina kirusi cha mgonjwa, na mbu mwenyewe hajaambukizwa. Madume wasitupwe! Hawanywi damu, hivyo dume mwenye kirusi yaelekea amekirithi tangu yai.

Mafungu 2 yenye kirusi kati ya mbu 800 ni kiwango cha chini cha maambukizi cha 2.5 kwa kila mbu 1,000, tukichukulia kila fungu lina angalau mbu mmoja mwenye kirusi. Kutangaza asilimia ya mafungu kunapotosha, kwani fungu la mbu 50 si sawa na la mbu 5.

Wafuatiliaji wa mbu