Mtoto aliyelala anasikia tukigombana

Mhariri, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu, hasa kina baba, maana hili limenikuta mwenyewe.

Tunakaa chumba na sebule, mtoto wetu ana mwaka na miezi minne, na muda mrefu tulikuwa tunasubiri alale ndo tuanze kutoleana maneno, mara kodi, mara meseji kwenye simu, tukijua mtoto kalala hana habari. Kumbe wapi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walipima ubongo wa watoto wa miezi 6 hadi 12 wakiwa usingizini kabisa huku wakisikilizishwa sauti ya hasira, na wale ambao kwao wazazi wanagombana sana ubongo wao uliitikia zaidi kwenye sehemu zinazohusika na stresi. Nilivyosoma hivyo nilikosa raha siku nzima.

Wa kwangu alianza kumng'ang'ania mama yake, akiwekwa chini tu kilio, mimi nikipaza sauti kidogo anaganda ananitazama. Bibi yake akasema kadekezwa. Hapana jamani. Mtoto mdogo anatambaa kidogo, anageuka kuangalia kama mama yupo, anaendelea, akishtuka anarudi mbio. Mary Ainsworth, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, aliyaona hayo hapa hapa jirani Uganda, 1954 na 1955, alipokuwa anafuatilia watoto 28 kwenye vijiji vya karibu na Kampala. Sasa mama analia, baba anafoka, mtoto akishtuka arudi kwa nani? Wa kumkimbilia ndo hao hao wanaomtisha.

Sisemi watu wasigombane, mkikaa wawili lazima mtakwaruzana, ila mkipatana basi mpatane na yeye akiwepo, maana watoto wakiona ugomvi umeisha kwa kuelewana ile hofu inapungua. Sisi siku hizi hasira zikipanda tunatoka barazani kwanza, alafu asubuhi tunaongea vizuri mtoto akiwa katikati yetu anakunywa uji. Juzi aliachia gauni la mama yake akanifuata na kijiko chake.

Ombi langu: kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, basi. Hajawahi mtu kutuuliza nyie wawili mnaishije huko ndani. Wizara ya Afya waliweke swali hilo, na sisi kina baba tuitwe tukalijibu wenyewe.

Baba wa mtoto mmoja,
Tabata, Dar es Salaam