ECG yako imeandika misuli ya moyo imenenepa? Soma hii kabla hujaogopa

Hapa kituoni kwetu Mbagala haipiti wiki bila mtu kuingia na karatasi ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo) iliyokunjwa mara nne, ambayo picha yake tayari imeshazunguka kwenye kundi la ukoo. Swali huwa lilelile: "Dokta, wamesema moyo umetanuka. Ndiyo basi tena?"

Tuanzie kwenye hilo neno, maana linachanganya. Moyo kutanuka ni chumba chake kuwa kipana. Misuli kunenepa ni ukuta kuwa mnene, na kwa wateja wetu wengi chanzo ni presha ya siku nyingi. Upande wa kushoto unasukuma damu kwa nguvu mwaka hadi mwaka, mwishowe unajaa kama mkono wa mbeba mizigo wa Kariakoo. Mkono ukijaa unapendeza, lakini ukuta wa moyo ukijaa unakuwa mgumu, unashindwa kulegea vizuri upokee damu.

ECG haiuoni ukuta huo. Inachofanya ni kusoma umeme ambao moyo wenyewe unautoa (mashine haikurushii umeme, mama zangu, tulieni). Tunakufunga waya 10: vibanio 4 mikononi na miguuni, na vipira 6 kifuani, ambavyo mistari yake kwenye karatasi inaandikwa V1 hadi V6. Msuli mnene kwa kawaida hutoa umeme mwingi, kwa hiyo mawimbi kwenye karatasi yanarefuka, nasi tunayapima kwa kuhesabu viboksi vidogo vya milimita 1 vilivyochorwa kwenye karatasi. Kanuni inayotumika sana ni ya Sokolow na Lyon ya mwaka 1949: chukua kina cha wimbi S (lile linaloshuka chini) kwenye V1, jumlisha na urefu wa wimbi R (lile linalopanda juu) kwenye V5 au V6, lile lililo refu zaidi. Ikifika milimita 35, tunashuku.

Kanuni nyingine, ya Cornell, inajumlisha R ya aVL (mstari unaosoma umeme upande wa mkono wa kushoto) na S ya V3. Mwanamume anashukiwa akizidi 28, mwanamke akizidi 20. Ndiyo maana pale mapokezi tunasisitiza jinsia iandikwe sawasawa. Kuna mama alituletea karatasi aliyopimiwa kwingine, jumla yake 23, mashine imesema yuko sawa. Kutazama juu, ameandikwa mwanamume! Kwa mwanamke, 23 si ya kuachia hivihivi.

Sasa kasoro zake. Kijana mwembamba anayecheza mpira kila jioni anaweza kufikisha 40 na moyo wake ni mzima kabisa, kwa kuwa kifua chembamba hakizuii umeme. Sisi watu weusi pia mawimbi yetu huelekea kuwa marefu, hivyo kanuni ya Sokolow hututilia shaka kupita kiasi. Mtu mnene ni kinyume chake: mafuta yanafunika mawimbi, karatasi inatoka safi huku ukuta umenenepa. Kusema kweli ECG huwapita wengi wenye tatizo hili, mara nyingi zaidi ya nusu yao. Kwa hiyo kama una presha ya miaka 10, usiniambie "ECG ilikuwa safi" ukadhani umemaliza.

Kinachotushtua zaidi ya urefu wa mawimbi ni wimbi T (wimbi la mwisho la pigo, moyo unapojiandaa upya) kupinduka na mstari wa ST (kipande kati ya S na T) kushuka kwenye V5 na V6. Mwenye hali hiyo hatumwambii arudi mwezi ujao. Tunamwandikia rufaa ya eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima ukuta wenyewe kwa milimita. Sisi hatuna mashine ya eko. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili wanacho.

Ukija kupima, njoo na karatasi za zamani tulinganishe. Vaa blauzi au shati, siyo gauni la kuvulia kichwani, na asubuhi hiyo usijipake mafuta kifuani, yanafanya vipira viteleze. Dawa ya presha meza kama kawaida. Wapo wanaoiacha siku mbili eti "ionekane presha halisi", halafu tunaanza kuwahangaikia wao badala ya kupima.

Wanaohitaji kupimwa na mhudumu wa kike, semeni tu mapokezi.