Siku ya jamii ifuate kalenda ya jamii

Mhariri,

Kila Septemba shule za kimataifa za Kisumu na Nakuru huanza kutafuta mahali pa kupeleka wanafunzi: kupanda miti, kuokota taka ufuoni, kutembelea shule ya msingi ya jirani, kuandaa Siku ya Mataifa yenye vibanda na vyakula vya nchi mbalimbali. Nia ni njema na pesa kwa kawaida zipo. Kasoro ni kwamba ratiba hutungwa ofisini mwezi wa Agosti, macho yakiwa kwenye kalenda ya shule peke yake. Ndiyo maana miche hukauka, wenyeji hawaonekani, na walimu wa shule jirani hupokea wageni huku wakitupia jicho saa ya ukutani.

Tuanze na mihula. Shule zinazofuata mtaala wa Uingereza au ule wa kimataifa wa IB (International Baccalaureate) hufungua mwaka mwishoni mwa Agosti au Septemba mapema na kuufunga Juni au Julai. Shule za umma hufungua mwaka Januari. Kwa hivyo muhula wenye ari na bajeti mpya upande mmoja ndio muhula wa tatu upande wa pili, muhula wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na mitihani mingine ya kitaifa. Mwaka wa 2016 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku ziara, maombi na sherehe shuleni katika muhula huo ili kukomesha wizi wa mitihani, na tangu hapo mwalimu mkuu mwenye busara hafurahii kuona basi la wageni langoni mwezi wa Oktoba. Akikubali, amekubali kwa kuona haya tu.

Nafasi zinazofaa pande zote ni mbili: katikati ya Januari hadi mwisho wa Machi, kisha Mei na Juni. Hiyo ya pili ina mtego wake, kwa kuwa ndiyo miezi ya IGCSE, mtihani wa Mwaka wa 11 katika mtaala wa Uingereza, na ya mitihani ya diploma ya IB. Kazi iwaangukie wa Mwaka wa 7 hadi wa 9 na wa Mwaka wa 12, watahiniwa waachwe wasome. Kwaya za shule za umma nazo wakati huo huwa zimezama katika tamasha la muziki, basi usiwapelekee wimbo wako wajifunze Juni ukidhani wana nafasi.

Kazi inayoharibika zaidi kwa kupangwa vibaya ni upandaji miti. Mti haujui muhula. Huku kwetu masika huanza Machi na kukolea Aprili na Mei. Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba. Hata serikali ilipotangaza sikukuu ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023 ilichagua siku iliyo katikati ya vuli. Anayepanda Kisumu mwezi wa Februari, kwa sababu ndiyo wiki ya huduma katika kalenda ya shule, anapanda kuni.

Lakini Februari ina kazi yake, nayo ni kuchimba. Shimo la kweli lina upana wa sentimita 45 na kina hichohicho. Udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine, kwa kuwa siku ya kupanda ule wa juu ndio unaotangulia shimoni, umechanganywa na koleo mbili za samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wanafunzi watatu wenye jembe moja hawamalizi zaidi ya mashimo manne au matano ya namna hiyo kwa saa moja, na baada ya saa mbili viganja vimetoka malengelenge. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza miche. Ukipanda kwa nafasi ya mita tatu kila upande, miche 500 inataka zaidi ya ekari nzima, na shule ya msingi ya mjini yenye ekari ya ziada ni nadra kama kuku mwenye meno. Miche 60 inayotunzwa yatosha.

Mvua ikishanyesha wiki mbili, na ukichimba kwa kidole ukakuta unyevu umeshuka kupita kiganja, panda. Mwagilia mche kwanza ukiwa ndani ya mfuko wake ili udongo ushikane. Chana mfuko kwa wembe kutoka juu hadi chini, uvue wote, kisha tazama mizizi: iliyojikunja chini kama kamba ikatwe, la sivyo itaendelea kuzunguka hapohapo hadi mti uanguke ukiwa mkubwa. Shina liingie udongoni kwa kiwango kilekile lililokuwa nacho kitaluni, lisizidi. Kosa linaloua miche mingi ni kupandwa na mfuko wake, na hutokea pale wanafunzi wanapoharakishwa na mpiga picha. Mifuko ihesabiwe mwishoni. Kama mmepanda miche 60 na mifuko iliyokusanywa ni 48, kuna mashimo 12 ya kufukua kabla basi halijaondoka.

Udongo nao una tabia zake. Ule mweusi wa nyanda za Kano hupasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa mvua, shimo likawa kisima na mche ukafa maji. Hapo pandisha kichuguu cha sentimita 15 hadi 20 na upande juu yake. Nakuru ni kinyume: udongo wa volkano hupitisha maji upesi, basi mche uzungushiwe beseni la udongo lishike kila tone, na matandazo ya nyasi yasiyogusa shina. Kuhusu aina ya miti, siala na mukinduri huishi vizuri sehemu nyingi za huku. Mkaratusi karibu na kisima ni ugomvi unaopandwa. Halafu kuna mbuzi. Bila miiba kuzunguka kila mche, mmepanda majani ya mbuzi. Na Agosti, wakati wanafunzi wa pande zote mbili wako likizoni, nani atapalilia? Jina la mtu huyo, na malipo yake, viandikwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi.

Ziwani kalenda ni ya saa. Ufuo kama wa Dunga huwa na biashara asubuhi: mitumbwi inarudi, kina mama wananunua samaki, kila mtu ana haraka. Basi la wanafunzi 50 likifika saa mbili linaziba njia ya riziki. Fikeni saa nne, baada ya mnada, na muondoke saa saba. Msikae zaidi, kwa sababu mawingu ya Kisumu hujikusanya mchana na mvua ya radi huja alasiri. Radi ikisikika, watoto waingie kwenye jengo imara au ndani ya basi, si chini ya hema wala mti, na wasitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kabla ya kwenda, zungumzeni na kamati ya ufuo, ile inayojulikana kama BMU. Wao ndio wanaojua viboko wamelala wapi wiki hiyo na gugumaji limesukumwa upande gani na upepo. Mwanafunzi asiingize mguu majini, hata akiwa na gambuti, maana gambuti hujaa, na kichocho huingia kupitia ngozi katika maji ya pembeni yenye konokono. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto sita ndicho kiwango ambacho mimi singeshuka chini yake karibu na maji. Mbali na maji, mmoja kwa kumi.

Taka zenyewe zina siri ndogo. Kuokota ni rahisi, kuondoa ndiko kugumu. Usafi mwingi wa ufuoni huishia na magunia 40 yaliyopangwa vizuri, picha ikapigwa, basi likaondoka. Gari la kaunti halikuitwa. Usiku mbwa wanapasua magunia, upepo unafanya yaliyobaki, na Jumatatu chupa zimerudi ziwani. Gari liombwe wiki mbili kabla, na siku ya kazi liwe limefika kabla ya wanafunzi. Chupa za plastiki zitengwe tangu mwanzo, kwani zina mnunuzi wa kilo; wapewe vijana wa hapo ufuoni ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Kuwachukulia chupa na kwenda kuziuza kwa niaba ya klabu ya mazingira ya shule ni kuwapora, hata kama pesa zitanunua vitabu.

Mwalimu wa jiografia anayetaka wanafunzi wake waone biashara ya omena, dagaa wa ziwani, asipange Mei. Aprili hadi Julai ni msimu ambao uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaliane, na nyavu za kuanikia atazikuta tupu. Aje Machi, au asubiri Septemba.

Siku ya juma nayo si jambo dogo. Karibu kila shule huchagua Jumamosi kwa sababu wazazi hawako kazini. Nyanza, Jumamosi ni Sabato ya Waadventista, na hapa si wachache. Tena ndiyo siku kuu ya mazishi. Chifu yuko mazishini, wazee wako mazishini, na hema, viti na vipaza sauti vya kukodi viko mazishini pia, kwa hivyo vilivyobaki ni vibovu au bei imepanda. Jumapili Kibuye ni soko, na kina mama mnaowataka hawatafunga vibanda vyao kuja kutazama ngoma. Alhamisi, au Ijumaa asubuhi inayokwisha kabla ya swala ya adhuhuri, huleta watu zaidi ya Jumamosi yenye mabango.

Siku ya Mataifa sitaisema sana, maana kila shule ina mtindo wake. Ila mataifa yasihesabiwe kwa pasipoti tu. Kisumu ina Wahindi ambao koo zao zimo mjini tangu enzi za reli iliyofika 1901, ina Wanubi wa Kibos, na vibanda vyao mara nyingi havimo kwenye orodha, huku nchi ambayo haina hata mwanafunzi mmoja ikipewa bendera na keki. Kwa chakula, zingatieni karanga. Mboga za magharibi mwa Kenya hutiwa karanga ya kusaga bila mtu kuitaja, kwa mpishi ni kama chumvi tu. Kila sahani iwe na karatasi yenye viungo vyote kwa Kiswahili na Kiingereza, na kijiko kimoja kisihame kutoka sufuria hadi sufuria. Wapishi wa nje waonyeshe cheti cha afya ambacho hakijapita miezi sita. Chakula kilichokaa zaidi ya saa mbili juani kimwagwe, hata kama shangazi aliyekipika amesimama hapo anatazama.

Picha ni hatari nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, na mwaka wa 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini. Shule huwa na fomu za wanafunzi wake. Husahau kwamba watoto wa shule jirani waliomo kwenye picha hiyohiyo wana wazazi pia. Fomu yao iandikwe kwa Kiswahili, ipelekwe wiki mbili kabla, na asiyeirudisha asipigwe picha, basi.

Najua jibu la waratibu wenzangu: wanafunzi wanahitaji kumbukumbu za huduma kabla ya Desemba. Wasome tena masharti yenyewe. Mpango wa CAS wa diploma ya IB, yaani ubunifu, mazoezi na huduma, unadumu miezi isiyopungua 18 na hauhesabu saa; mradi wake mmoja wa lazima hauwezi kuwa chini ya mwezi. Tuzo ya Rais, ile ya vijana ya huduma, stadi na mazoezi, katika ngazi ya shaba inataka mazoea ya karibu saa moja kila wiki kwa miezi mitatu angalau, na sehemu moja iendelezwe hadi sita. Hakuna hata mmoja kati ya mipango hiyo unaodai siku moja kubwa yenye fulana mpya. Mwanafunzi anayekwenda kila Jumatano kusaidia maktaba ya shule jirani tangu Januari hadi Machi, akafungua masanduku, akabandika namba, akawasomea wa Gredi ya 3, ametimiza sharti la huduma la ngazi ya shaba na hakusumbua mtu.

Karatasi moja ukutani yenye miezi 12 ingetosha. Upande wa juu mihula ya shule. Chini yake mihula ya umma, mvua, msimu wa omena, Ramadhani na mitihani. Inachorwa na mwalimu mkuu wa jirani, mwenyekiti wa ufuo na mama mmoja wa sokoni wakiwa mezani, chai ikiwapo. Barua ya kuwaita iandikwe Novemba na itumwe wiki ya kwanza ya Januari, kabla mwalimu mkuu hajafunga ratiba yake, maana mashimo ya Aprili yanaanza kuchimbwa Februari.

Mratibu wa shughuli za wanafunzi,
Milimani, Kisumu